Anatua Wapi? Mhadhara Kuhusu Ndege, Mchango na Wakfu



Nilipopewa mada ya leo nilikwenda kufungua droo ninamoweka kadi za michango. Nadhani kila nyumba ya pwani ina droo ya namna hiyo. Nikakuta kadi ya arusi ya binti wa jirani, kadi ya kuezeka paa la madrasa, karatasi ya matanga, kadi ya kijana aliyeitwa chuo kikuu akakosa nauli, na ya mama aliyekuwa akipelekwa India kutibiwa. Nilizihesabu zikafika 31. Zote nilizitilia chochote, maana kadi ya mchango kwetu hairudishwi mikono mitupu. Lakini katika 31 hizo sikuona hata moja iliyochangishwa kwa ajili ya ndege.

Naona mnatabasamu. Mtu akipita mtaani leo na kadi ya kumchangia bundi, ataulizwa kama amelogwa. Mimi mwenyewe nimelelewa na bibi aliyekuwa akitupa jiwe juu ya paa kila bundi alipolia, akisema kaleta habari ya kifo. Ndiyo maana nimechagua kusimama hapa kumtetea huyo huyo bundi, na wenzake.

Tuna methali: kila ndege huruka kwa ubawa wake. Twaitumia kumwambia kijana ajitegemee, asingoje kubebwa. Ni methali ya kweli, ila imeishia hewani. Haikusema huyo ndege anatua wapi. Ubawa ni wake, lakini mti anaotulia una mwenyewe: una shamba, shamba lina hati, na mwenye hati ana shida zake. Haja ya kumchangia ndege inaanzia hapo kwenye kutua, na mazungumzo yangu yote ya leo hayatatoka nje ya jambo hilo.

Nianze na jirani zetu wa baharini, Shelisheli. Kuna kisiwa huko kiitwacho Cousin, chenye hekta 27 hivi. Kwa miaka mingi kilikuwa shamba la minazi. Miti ya asili ilikatwa, na kila kilichochipua chini ya minazi kilifyekwa ili nazi ziokotwe kwa urahisi. Humo mlikuwa na kindege wa jamii ya shoro, mdogo, wa rangi ya majani makavu, asiye na urembo wa kumfanya mtu amfuge. Chakula chake ni wadudu anaowadonoa chini ya majani. Palipokosekana majani pakakosekana wadudu, na hadi miaka ya 1960 walikuwa wamebaki chini ya 30. Wote, dunia nzima, wakiishi kwenye kisiwa hicho kimoja. Moto mmoja wa kiangazi ungetosha kuwamaliza.

Mwaka 1968 Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, ambalo siku hizi linaitwa BirdLife International, lilikinunua kisiwa chote kwa pesa za michango. Na baada ya kukinunua walifanya nini? Karibu hawakufanya kitu. Waliacha kufyeka. Waling'oa michipukizi ya minazi, wakaweka mtu wa kulinda, wakaiacha miti ya asili ijiotee yenyewe. Majani yakarudi, wadudu wakafuata majani, na shoro akawafuata wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepita 300, kisiwa kikawa hakiwatoshi.

Mwaka 1988 ndege 29 walikamatwa kwa uangalifu, wakavushwa hadi kisiwa cha Aride. Nacho Aride kilikuwa tayari kimeshawekwa salama, kwa sababu Christopher Cadbury, wa ule ukoo wa chokoleti, alikuwa amekinunua mwaka 1973 kiwe hifadhi. Mwaka 1990 wengine wakapelekwa Cousine, mwaka 2004 Denis, mwaka 2011 Frégate. Leo shoro hao wamepita 3,000 katika visiwa vitano.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kutoka kununuliwa kwa Cousin hadi ndege wa kwanza kuvushwa Aride ni miaka 20. Kutoka hapo hadi Frégate ni miaka 23. Mtu aliyetoa pesa yake mwaka 1968 akiwa na miaka 50, wakati wa safari ya mwisho angekuwa na miaka 93, kama bado yu hai. Ukiniuliza pesa ile ilinunua nini, nitasema ilinunua muda. Iliwazuia watu wasikiguse kisiwa kwa miaka mingi kiasi cha kuuwezesha mti kuwa mti.

Na sisi watu wa pwani, tukisikia mali iliyotengwa isiguswe ili manufaa yake yaendelee, tunalijua jina lake. Huo ni wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Anayeiweka hufa, na kisima kikaendelea kunywesha watu. Lamu, Mombasa na Unguja zimejaa misikiti, visima, mashamba na nyumba za namna hiyo, na Kenya na Zanzibar zote zina tume za kuzisimamia. Wanunuzi wa Cousin hawakulijua neno letu, lakini jambo walilolifanya lilikuwa hilo hilo.

Wala mtu asiniambie kwamba ndege hana nafasi katika sadaka. Waislamu tuliomo humu tumefundishwa tangu chuoni kwamba mtu akipanda mti, kisha akala humo binadamu, mnyama au ndege, anaandikiwa sadaka. Ndege katajwa waziwazi, hakuachwa mlangoni. Na ndugu zetu Wakristo wanawakumbuka shomoro wa Injili, waliokuwa rahisi sokoni na bado Mungu hakuwasahau. Kwa hiyo ruhusa tunayo siku nyingi. Tulichokosa ni mazoea.

Mazoea hujengwa, na mara nyingi huanza na watu wasio na uwezo. Mwaka 1889, huko Didsbury karibu na Manchester nchini Uingereza, mwanamke aitwaye Emily Williamson aliwakusanya wanawake wenzake dhidi ya fasheni ya siku zile. Kofia za mabibi zilipambwa manyoya, pengine ndege mzima aliyekaushwa, na yangeyange waliuawa wakati wa kutaga kwa sababu ndipo manyoya yao yanapopendeza. Makinda yalibaki kwenye viota yakifa njaa. Wanawake wale waliahidi kutovaa manyoya ya ndege asiyeuawa kwa chakula, isipokuwa ya mbuni.

Hawakuwa na kura. Mwanamke wa Uingereza wakati ule hakuwa akipiga kura ya bunge. Walichokuwa nacho ni ada ndogo, barua, na uwezo wa kumwaibisha shoga yao mwenye kofia ya manyoya. Sheria ya kupiga marufuku kuingiza manyoya hayo nchini ilipitishwa mwaka 1921. Miaka 32! Chama walichokianzisha leo ndicho RSPB, chama cha kulinda ndege cha Uingereza, chenye wanachama zaidi ya milioni moja. Haba na haba, mabibi na mabwana, na kibaba kikajaa kweli.

Lakini nisije nikawafanya mdhani kwamba kila wema kwa ndege ni wema. Tokeni nje mtazame juu ya mwarobaini. Kunguru mnayemwona, mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kusafisha taka za mji. Nia ilikuwa nzuri. Leo ameenea pwani yote, anakula mayai na makinda ya ndege wetu, ananyakua vifaranga uani, anadokoa samaki sokoni. Na sisi tunazidi kumlisha kila tunapomwaga makombo nje tukijisifu kwamba hata ndege wa angani tunawakumbuka. Mchango usio na maarifa humnenepesha kunguru.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua limo vifuani mwenu, maana nimeulizwa mara nyingi. Mwalimu, watoto wanafukuzwa shule kwa karo, wewe watuambia tuchangie ndege?

Ni swali la haki, na sitalijibu kwa kuwasimulia uzuri wa maumbile. Nitawapeleka Arabuko-Sokoke, saa mbili hivi kwa gari kutoka Mombasa.

Msitu ule una kilomita za mraba 420 hivi. Ndicho kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwenye mchanga mweupe kuna mirihi; kwenye udongo mwekundu kuna mifunda iliyosongamana. Kwenye mifunda ndimo anamoishi bundi wa Sokoke, mdogo kiasi cha kuenea kiganjani. Wanasayansi walimwandika mara ya kwanza katika miaka ya 1960, na mbali na huku kwetu anajulikana tu kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, Tanzania.

Pembezoni mwa msitu kuna vijiji, na vijiji vina watu wenye mashamba madogo, mvua ya kubahatisha, na watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi pale walitaka msitu ukatwe wagawiwe ardhi. Siwalaumu. Kwao msitu ulikuwa mahali tembo hutoka usiku kula mahindi, na mahali askari hutokea mchana kukukamata na mzigo wa kuni. Muhuhu ulikatwa ukachongwa vinyago, mbambakofi ukapasuliwa milango, na mwenye njaa akatega paa. Mtu yule humwambii habari za bundi.

Kilichobadilisha mambo kilianza na mdudu. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao Gede. Wanakijiji walifundishwa kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni, wakawa wanauza vifukofuko vinavyosafirishwa Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho. Kipepeo mzazi na majani anayotagia hutoka msituni. Msitu ukikatwa, biashara imekwisha. Mtu akaanza kuulinda msitu kwa sababu ile ile iliyomfanya kwanza atake ukatwe: alikuwa anahesabu riziki yake.

Kisha mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya likaanzisha mpango wa karo uitwao ASSETS. Watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori ya Mida wanasaidiwa kusoma sekondari. Sehemu ya pesa hutoka kwa wageni wanaolipa kupita kwenye daraja la kamba katikati ya mikoko ya Mida, na nyingine kwa wachangiaji. Wazazi na watoto nao hupanda miti na kujifunza habari za msitu wao.

Ndipo nawauliza nanyi: huyo aliyetoa pesa kwa ajili ya bundi, kamchangia nani? Bundi hana akaunti. Hana mfuko, hana simu ya kupokelea. Kila senti unayompa ndege lazima ipite kwanza mkononi mwa binadamu, na swali la pekee ni binadamu yupi. Ikipita kwa mlinzi wa kijijini, kwa mama anayefuga viwavi, kwa mtoto aliyelipiwa karo, imeshafanya kazi mara mbili kabla bundi hajafumbua jicho. Anayetaka nichague kati ya mtoto na ndege, nitamwonyesha mahali ambapo wanakula sahani moja.

Tusogee kaskazini kidogo, tuvuke mto Sabaki tuingie Dakatcha. Huko kuna mnana mweusi na manjano anayepatikana Kilifi tu, si kwingine duniani. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1913, lakini kwa miaka 100 hawakuwa wamekiona kiota chake. Kila mwaka ndege hao walitoweka Arabuko msimu wa kutaga, kisha wakarudi na makinda yao. Mwaka 2013 Bi Fleur Ng'weno, aliyewafundisha Wakenya wengi kutazama ndege, pamoja na wenyeji wa kikundi cha uhifadhi cha Dakatcha, walivikuta viota hivyo kwenye ziwa dogo la mvua, vimefumwa katikati ya nyasi za majini.

Dakatcha si hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya jamii na ya watu binafsi, na makaa ya kupikia mjini hutoka huko, na mananasi pia. Miaka michache kabla ya kiota kuonekana, kulikuwa na mpango wa kupanda huko mibono ya kutengeneza mafuta ya mitambo kwenye maelfu ya hekta. Wenyeji na watetezi wa mazingira waliupinga, na haukupata idhini. A Rocha Kenya imekuwa ikinunua ardhi huko kipande kwa kipande kwa pesa za michango, ili miti ya mrihi ibaki imesimama.

Nasifu jambo hilo, na papo hapo natia onyo. Ardhi ya pwani yetu ina machungu ya muda mrefu. Mtu asiye na hati ya shamba alilozaliwa, akisikia kwamba ndege kanunuliwa ekari mia, atauliza haki iko wapi, na hatakuwa amekosea. Cousin kilikuwa kisiwa kidogo cha minazi. Dakatcha ni kwa watu, kuna makaburi ya babu zao. Wakfu wa ndege bara hauwezi kusimama bila mwenyeji kuwa mmoja wa wasimamizi wake. Penye uzio mzuri na jirani mwenye kinyongo, moto hutokea usiku na hakuna aliyeuona ukiwashwa.

Kwa hiyo anayetaka kutoa, na aulize maswali matatu kabla hajatia mkono mfukoni. La kwanza: pesa yangu itashika nini? Ikishika ardhi, mlinzi au karo, ni kitu cha kuendelea. Ikishika semina ya siku mbili hotelini, fulana na bango, ujue umechangia chakula cha mchana. La pili: mfadhili akiondoka nani anabaki? Ikiwa jibu ni jina la mtu anayelala kijijini pale, vizuri. La tatu: hesabu inasomewa wapi? Mchango wa arusi husomwa mbele ya watu, na aliyetoa mia husikia mia yake ikitajwa. Mchango wa msitu usomwe vivyo hivyo, chini ya mwembe wa kijiji, kwa lugha wanayoielewa, wala usiishie kwenye ripoti ya kupelekwa ng'ambo.

Kisha sisi wenyewe tujiulize la nne. Kwa nini orodha ya waliochangia msitu wa Arabuko imejaa majina ya watu wa mbali? Wasichana wa ng'ambo wakiuza keki kwa ajili ya bundi wetu, hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini arusi yako ikichangiwa na watu wa mtaa wa pili tu, na wa nyumbani kwako wamekaa barazani wanatazama, watu watasema. Tuna harambee, tuna simu mkononi ya kutuma shilingi 50 kabla chai haijapoa, tuna vikundi vya akina mama vinavyochangishana kila wiki bila karatasi wala wakili. Vyombo vyote vya kuchangia tunavyo. Tumevikosesha jina moja tu kwenye orodha.

Na ndege hawa si wetu peke yetu. Yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, anayekula kaa kwenye matope ya Mida, hutagia pwani za Uarabuni na za Ghuba, kwenye mashimo anayochimba mchangani. Kisha huja kwetu, njia ile ile ya majahazi. Ndugu zetu walioko Maskati wakilinda mchanga wake, nasi tukilinda matope yake, tutakuwa tumechangiana kama tulivyozoea tangu zama za tende na boriti.

Nimalize kwa safari yangu mwenyewe. Mwaka jana nilimwomba kijana mwongoza wageni wa Arabuko anionyeshe bundi wa Sokoke. Tuliingia kwenye mifunda magharibi inaingia. Tukasimama. Akaniambia, "Mzee, usiwashe tochi, sikiliza kwanza." Baada ya muda ikaja sauti, mluzi mfupi, mfupi, mfupi, mara saba au nane, kama mtu anayehesabu polepole. Tukatafuta. Hatukumwona. Kijana aliona aibu, akataka kunirudishia pesa.

Nikazikataa. Nilimwuliza yeye amejuaje sauti ile, akasema alianza kuijua alipokuwa kidato cha pili, mwaka aliolipiwa karo. Baba yake kabla ya hapo alikuwa mkata muhuhu.

Nilirudi nyumbani nikachukua kadi tupu ya mchango, zile zinazouzwa dukani kwa shilingi chache, nikaandika juu yake: Bundi. Nimekuja nayo hapa. Nimetangulia kuandika jina langu na nilichotoa. Mwenyekiti akiniruhusu, nitaiacha mezani pamoja na kalamu, nanyi mkitoka mpite upande huu.